Tazama Kwanza Anapopumulia: Majibu Kuhusu Pupa wa Majini

Toleo lililopita lilieleza namna ya kuwatambua viluwiluwi wa mbu kwa jinsi wanavyokaa juu ya maji, na barua zilizofuata karibu zote zimeuliza juu ya hatua inayokuja baadaye, ile ambayo mdudu si kiluwiluwi tena wala hajawa na mabawa. Tumechagua barua tano. Kabla ya kuzijibu inafaa tukubaliane kuhusu maneno, kwa sababu neno "buu" wengine hulitumia kwa kiluwiluwi na wengine kwa hatua inayofuata, na nimesikia watu wakibishana kwa muda mrefu kumbe kila mmoja anazungumzia mdudu wake. Humu ndani kiluwiluwi, au lava, ni yule mtoto anayekula na kukua. Pupa ni yule aliyeacha kula, ambaye mwili wake unajengwa upya ndani ya ngozi hadi atoke akiwa mdudu kamili. Neno "inzi" nalo litachukua kundi zima la wadudu wenye jozi moja tu ya mabawa, wakiwemo mbu, usubi na chafuo.

Ndugu Mhariri, nyuma ya nyumba yangu kuna tenki la maji ambalo mfuniko wake umevunjika. Nilitia dawa ya kibiolojia ya kuua viluwiluwi, na kweli siku ya pili viluwiluwi walikuwa wamekufa, lakini vijidude vingine vyeusi vyenye umbo la koma viliendelea kupinduka majini kana kwamba hakuna kilichotokea. Je, dawa imechakaa? Na hivyo ni mbu wa malaria au ni wadudu wengine tu?
*Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam*

Dawa yako haijachakaa, ndugu yangu. Dawa za namna hiyo hutumia bakteria aitwaye *Bacillus thuringiensis israelensis*, ambaye sumu yake haifanyi kazi mpaka imezwe na kufika tumboni mwa mdudu, na pupa hali kitu chochote tangu avue ngozi ya mwisho ya kiluwiluwi hadi aruke. Wale waliokwisha kugeuka siku ulipotia dawa walikuwa wamepona, na katika joto la Dar es Salaam walihitaji siku 2 au 3 tu ili watoke wakiwa mbu. Kwa hiyo pupa huondolewa kwa mkono: wachote kwa chujio la chai, uwamwage juu ya mchanga mkavu, kisha uzibe tenki kwa mfuniko au kwa chandarua kilichofungwa kamba pembeni. Viluwiluwi ni wengi na wengi wao hufa kabla ya kukua, lakini pupa aliye hai leo ni karibu sawa na mbu wa keshokutwa, na ndiyo sababu wanaofuatilia homa ya dengue mijini hupenda kuhesabu pupa kuliko viluwiluwi.

Sasa tumtazame mwenyewe. Weka maji kidogo katika sahani nyeupe, mwache atulie, kisha utumie lenzi ya mkono. Kichwa na kifua vimeungana kuwa donge moja la mviringo, na fumbatio lenye pingili limejikunja chini yake; hilo ndilo umbo la koma uliloliona. Juu ya donge kuna vijitarumbeta viwili, na hapo ndipo jicho lako lianzie kila unapomtazama pupa wa majini, awe wa mbu au wa mdudu mwingine yeyote, kwa sababu kiungo cha kupumulia ndicho kinachokueleza pupa huyo anaishi vipi. Kiluwiluwi wa mbu hupumulia sehemu ya nyuma ya mwili, ilhali pupa wake hupumulia mgongoni, karibu na kichwa. Tarumbeta zilizo wazi juu na zinazogusa uso wa maji maana yake ni kwamba huyu anavuta hewa ya juu, na lazima arudi huko kila mara.

Ukigusa sahani atazama kwa kupigapiga mkia, kisha ataelea na kurudi juu bila kujitahidi, kwa kuwa ana kiputo cha hewa chini ya ala za mabawa. Mwishoni mwa fumbatio utaona makasia mawili mapana, kila moja likiwa na ubavu uliopita katikati kama ubavu wa jani. Pembeni mwa donge, ukiwa na lenzi nzuri, utaona ala ndefu ya mrija wa kunyonyea iliyolala pamoja na miguu. Tarumbeta zilizo wazi, kasia lenye ubavu, na ala ndefu ya mrija: mdudu mwenye vyote vitatu ni mbu.

Kuhusu malaria, jibu ni gumu kidogo. Pupa wa *Anopheles* ana tarumbeta fupi zenye mdomo mpana, mfano wa faneli iliyopasuliwa upande mmoja. Pupa wa *Culex*, yule mbu wa kahawia wa mifereji na mashimo ya vyoo, ana tarumbeta ndefu na nyembamba zenye upana unaokaribiana tangu chini hadi juu. Wa *Aedes*, ambao baadhi yao hueneza dengue, ni wa kati: tarumbeta fupi kiasi, na mdomo usiopanuka kama ule wa *Anopheles*. Alama inayotegemewa zaidi inahitaji hadubini, nayo ni vijiti vidogo vigumu mfano wa miiba vilivyoota kwenye pembe kabisa ya nyuma ya pingili za fumbatio la *Anopheles*. Kwa mbu wengine nywele inayolingana na mwiba huo huwa laini zaidi na huota mbali kidogo na pembe.

Hata hivyo usimwamini mtu anayekuambia kwamba kwa kumtazama pupa ametambua spishi. *Anopheles gambiae* na *Anopheles arabiensis* hawatenganishwi kwa macho hata wakiwa mbu kamili. Hutenganishwa maabara kwa vinasaba. Nawe una sababu ya kutopuuza tenki lako, kwa kuwa *Anopheles stephensi*, mbu wa malaria aliyetoka Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, akatambuliwa Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2023 Kenya ikatangaza kuwa amepatikana Marsabit, naye hupenda kuzaliana katika matenki na vyombo vya maji vya mijini, mahali ambapo wengi wetu tumezoea kudhani hapana mbu wa malaria. Njia iliyo rahisi kwako ni kuweka pupa wachache katika gilasi, uifunike kwa chandarua, na usubiri siku 3. Mbu akitoka, atatua ukutani mwa gilasi: akiwa ameinua nyuma na kuelekeza kichwa chini, mwili wote umenyooka kama msumari uliopigwa upande, huyo ni *Anopheles*, akiwa na kibiongo na mwili sambamba na ukuta, ni *Culex* au *Aedes*, na *Aedes* utamjua kwa madoa meupe juu ya weusi. Ukimpata wa kwanza, mpeleke kwa afisa afya wa kata yako pamoja na maelezo ya mahali ulipomtoa.

Kuna mbu mmoja ambaye hutamchota kwa chujio hata ukikesha, nami namtaja kwa sababu ni mfano mzuri wa jambo hili la kupumua. Pupa wa *Mansonia* ana tarumbeta zilizochongoka, naye huzichoma katika mizizi ya mimea inayoelea na kuvuta hewa iliyomo ndani ya mmea, hivyo haji juu ya maji kabisa mpaka siku ya kutoka. Katika bwawa lenye mimea ya namna hiyo unaweza ukatazama uso wa maji wiki nzima usione pupa hata mmoja, na jioni mbu wakakumaliza.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari katika Wilaya ya Ulanga. Wanafunzi wangu walileta mawe na majani kutoka kwenye maporomoko ya mto, yakiwa yameshikwa na vifuko vidogo vya kahawia vyenye nyuzi nyeupe mfano wa ndevu zilizotokeza upande mmoja. Je, hawa ndio wanaoleta ugonjwa wa usubi? Wanafunzi pia wameuliza ni vipi vifuko hivyo vyote vimeelekea upande mmoja.
*Mwalimu wa Biolojia, Mahenge*

Mwalimu, wanafunzi wako wana macho mazuri, na swali lao la pili ndilo linalojibu la kwanza, kwa hiyo nitaanza nalo. Hivyo ni vifukofuko vya usubi, yule inzi mdogo mweusi mwenye kibiongo wa jenasi *Simulium*. Kiluwiluwi wake hukaa kwenye maji yaendayo kasi, amejishika kwa kulabu kwenye kijibandiko cha hariri alichokitandaza juu ya jiwe, na anapokaribia kugeuka hutumia hariri hiyo hiyo kufuma kifukofuko chenye umbo la sapatu. Ncha iliyofungwa, ile ya vidole, huielekeza maji yanakotoka, na mdomo ulio wazi huuelekeza maji yanakokwenda, kwa hiyo mkondo hupita juu ya sapatu bila kuingia na kumng'oa aliyemo. Vifuko vyote vimeelekea upande mmoja kwa sababu mto wenyewe unaelekea upande mmoja. Jiwe likiokotwa mtoni, mwambie mwanafunzi achore mshale wa mkondo kwenye karatasi kabla hajalipindua.

Nyuzi nyeupe mlizoziona ni viungo vya kupumulia, vilivyoota mahali pale pale ambapo pupa wa mbu ana tarumbeta. Huyu hawezi kwenda juu kuvuta hewa, kwa hiyo hutumia nyuzi nyingi nyembamba zinazotanda majini na kuchukua oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya maporomoko, na mto ukipungua hata jiwe likabaki wazi, nyuzi hizo hizo huweza kupumua hewani. Idadi ya nyuzi na jinsi zinavyogawanyika ndiyo alama kuu inayotumiwa na wataalamu kutenganisha spishi za usubi. Wapo wenye nyuzi 4 kila upande, wapo wenye 6, wenye 8, na wengine wenye nyingi zaidi. Wapo ambao shina moja hugawanyika mara moja tu karibu na mwili, na wengine hugawanyika tena na tena kama matawi ya mchongoma. Baadhi yao hawana nyuzi nyembamba kabisa bali mirija minene.

Wafundishe wanafunzi kuhesabu ncha badala ya mashina, kila upande peke yake, na kuchora mgawanyiko kabla ya kuandika namba, kwa maana nyuzi hukatika kirahisi na mwenye nyuzi 5 upande mmoja na 6 upande wa pili karibu kila mara ni mwenye 6 aliyepoteza mmoja. Kifukofuko nacho kina yake ya kusema: kingine kimefumwa kwa kubana kama mkeka, kingine kimelegea mpaka uzi mmoja mmoja unaonekana, na vingine vina kijipembe kilichotokeza juu ya mdomo. Chagueni wale ambao mwili umekuwa mweusi ndani. Hao wamekaribia kutoka, na mkiwaweka juu ya karatasi yenye unyevu ndani ya kichupa kilichofunikwa, bila kuwazamisha, mtampata inzi mwenyewe pamoja na ganda alilotoka, vyote viwili kutoka kwa mdudu mmoja, na hicho ni kielelezo chenye thamani kuliko pupa hamsini waliopukutika nyuzi.

Kuna ujanja mwingine ambao hupendeza sana darasani. Kiluwiluwi wa usubi aliyekomaa ana doa jeusi kila upande wa kifua. Doa hilo ni nyuzi za pupa zilizokwisha kuumbika na kukunjwa chini ya ngozi, zikisubiri. Ukiitoboa ngozi kwa sindano chini ya hadubini na kuzikunjua taratibu, unaweza kuzihesabu siku kadhaa kabla pupa hajakuwapo.

Sasa ugonjwa. Si kila usubi huuma binadamu, na si kila anayeuma binadamu hueneza minyoo ya *Onchocerca*, ile inayosababisha ugonjwa wa usubi. Kundi la *Simulium damnosum*, ambalo ndilo linaloeneza ugonjwa huu katika sehemu kubwa ya Afrika, limegawanyika katika spishi nyingi zinazofanana mno, na kinachozitenganisha ni mistari ya kromosomu zilizomo katika tezi za hariri za kiluwiluwi, wala si umbo la pupa. Kwa hiyo pupa wako wanaweza kukuambia kwamba mto huo ni wa usubi, na pengine ni kundi gani, lakini hawawezi kukuambia kwamba mto huo unaambukiza. Ningependa jambo hilo lisemwe darasani waziwazi, kwa kuwa mtoto akirudi kijijini na kutangaza kwamba mawe ya mtoni yana ugonjwa, watu wataacha kuchota maji huku wakiendelea kuumwa na inzi shambani. Minyoo huingia kwa kuumwa na inzi jike, wala haiingii kwa kushika jiwe.

Mkiwa mtoni, tazameni pia migongo na miguu ya kaa. Katika nchi ya Kenya watafiti walihangaika miaka mingi wakimtafuta mtoto wa *Simulium neavei* kwenye mawe na majani bila kumwona, huku inzi wakubwa wakiuma watu kila siku, hata dawa ya kuua wadudu ya DDT ikawa imekwisha kumwagwa mitoni kabla haijajulikana viluwiluwi hao wanakaa wapi hasa. Mwaka 1950 ndipo walipogundulika, viluwiluwi na pupa, wakiwa wamepanda juu ya kaa wa mtoni. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 spishi hiyo ilikuwa imeangamizwa Kenya, na baadaye Uganda walipopambana nayo katika misitu kama Itwara, kuwakamata kaa na kuwakagua mmoja mmoja kukawa ndiyo njia ya kujua kama imekwisha. Huku kwetu *Simulium woodi* wa milima ya Usambara, eneo la Amani, naye hupanda kaa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetazama mawe tu na kuandika "hakuna usubi" bado hajamaliza kazi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano Mwanza. Katika tope la ziwa nilipata minyoo myekundu, na kati yao pupa mwenye manyoya meupe kifuani. Asubuhi ufukweni huwa naona pia maganda mengi yanayoelea baada ya usiku wa wadudu wengi wanaoinuka ziwani kama moshi. Je, hao wote ni mdudu mmoja? Nitawahifadhi vipi?

Marahaba, mwanangu. Kwanza, minyoo yako si minyoo. Ni viluwiluwi wa inzi wa jamii ya *Chironomidae*, ambao hufanana na mbu lakini hawaumi, na wekundu wao ni hemoglobini, inayowasaidia kuishi katika tope lenye oksijeni haba. Pupa mwenye manyoya meupe ni wa *Chironomus* au ndugu zake wa karibu. Ukifuata kanuni ya kuanza na kiungo cha kupumulia, utaona kwamba hana tarumbeta. Ana kichaka cha nyuzi nyingi nyembamba kila upande wa kifua, kwa sababu hukaa ndani ya kijumba cha tope chini ya ziwa na hapandi juu mpaka saa ya kutoka. Mkia wake si kasia lenye ubavu bali ni bamba bapa lenye nywele ndefu pembeni kama ukindu wa mkeka usiopunguzwa.

Ndani ya jamii hiyo hiyo kuna tawi la *Tanypodinae*, ambalo pupa wake huogelea huria na ana vijitarumbeta, na ndiye anayewadanganya wengi wakaandika "mbu". Mtazame mkia, kisha utafute ala ya mrija wa kunyonyea: hana kasia lenye ubavu, na mdomo wake ni mfupi.

Wale wanaoinuka kama moshi ni mchanganyiko. Wamo hao *Chironomidae*, na yumo pia *Chaoborus*, ambaye kiluwiluwi wake ni mwangavu kama kioo, mchana hushuka kilindini na usiku hupanda. Pupa wa *Chaoborus* husimama wima katikati ya maji, na pembe zake za kupumulia zimetuna katikati na kuchongoka nchani, mfano wa pia ya kuchezea watoto; huwezi kuzichanganya na faneli ya mbu ukishaziona mara moja. Uchunguzi uliofanywa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba wadudu hawa huibuka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, kwa hiyo panga siku zako za kukusanya kwa kalenda ya mwezi. Katika Ziwa Nyasa yuko *Chaoborus edulis*, na jina hilo la pili lina maana ya "anayelika": upande wa Malawi watu huwakamata inzi hao, wakawaponda na kutengeneza mikate.

Maganda yanayoelea ndiyo hazina ambayo watu wengi huipita. Kila inzi anayetoka huacha ngozi ya pupa juu ya maji, ikiwa na kila kitu isipokuwa mwenyewe: nyuzi au tarumbeta, miiba ya mgongoni, nywele za mkia, vyote vikiwa vitupu na vyepesi kusomeka kwa hadubini. Mjerumani August Thienemann aliutambua umuhimu wake mwanzoni mwa karne iliyopita, na hadi leo wanaochunguza ubora wa maji hukusanya ngozi hizo kwa wavu mwembamba mahali upepo unapozisukuma ufukweni, kisha hutambua ni spishi zipi zimetoka katika maji hayo. Nawe unaweza kufanya hivyo bila kuua mdudu hata mmoja.

Kuhusu kuhifadhi: tumia spiriti ya asilimia 70 au 80 katika vichupa vidogo, kila sampuli na kichupa chake, na usiwaache wakauke, kwani pupa aliyekauka husinyaa na nyuzi zake hushikana. Andika kwa penseli juu ya karatasi utakayoitumbukiza ndani ya kichupa: mahali, tarehe, aina ya maji, kina, na kama alikuwa topeni au akiogelea. Wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti, na kibandiko cha nje hubanduka. Nimewahi kuletewa vichupa kumi vizuri sana visivyo na hata neno moja, na nilichoweza kufanya ni kuvirudisha.

Mhariri, nyumbani kwangu Nairobi bafu limejaa inzi wadogo wa kijivu wenye mabawa ya manyoya kama nondo. Kwenye kichujio cha sakafu nimeona vijidudu virefu na vingine vya kahawia visivyosogea. Je, ni pupa wao?
*Mama wa watoto wawili*

Ndiyo, mama, na hawaumi. Ni jamii ya *Psychodidae*. Pupa ana urefu wa milimita 3 hivi, rangi ya kahawia, na vipembe viwili vifupi kifuani, lakini haogelei kama wa mbu. Hujikita ndani ya utelezi unaoganda ukutani mwa bomba na kutokeza vipembe tu. Ndiyo maana kumwaga maji mengi hakusaidii. Toa kichujio, sugua utelezi wote kwa brashi ndefu mpaka mahali mkono unapofika, urudie baada ya siku kadhaa. Ukitaka kuhakikisha kwamba wanatoka hapo, funika tundu kwa gilasi usiku mmoja.

Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mpunga, Ifakara. Tulipokuwa tukisafisha mifereji ya jaruba nilipata vitu vitatu: kitu cha kahawia kama bundo la kipepeo chenye nyota ndogo mkiani, mfuko bapa wa kijivu mgumu kama ngozi, uliokuwa ukielea, na kidonge cha mviringo chenye mkia mrefu mkavu, kwenye udongo kando ya maji. Je, vyote ni pupa, na vipi ni vya kuogopa?

Vyote ni pupa wa inzi, na umevieleza vizuri kiasi kwamba karibu umejijibu. Cha kwanza ni cha chafuo, ambaye wengine humwita pange, yule inzi mkubwa anayeuma ng'ombe na watu. Kiluwiluwi wake hukaa katika tope na huenda kando penye ukavu kidogo ili ageuke. Kifuani ana matundu ya kupumulia yenye umbo la sikio, pingili nyingi za fumbatio zimezungukwa na safu ya miiba, na nyota uliyoiona mkiani ina ncha 6. Huyo ndiye wa kumhofia miongoni mwa watatu, kwa ajili ya mifugo.

Mfuko bapa ni wa inzi askari, jamii ya *Stratiomyidae*. Hapo unachokiona ni ngozi ya mwisho ya kiluwiluwi, ambayo imekuwa ngumu na kubaki kama ala. Pupa mwenyewe yumo ndani, sehemu ya mbele tu, na nafasi iliyobaki nyuma yake ina hewa, ndiyo maana mfuko uliokuwa unatembea topeni sasa unaelea. Ukiutazama utakuta kichwa cha kiluwiluwi bado kipo nje kwenye ncha, kikavu. Huyu hana madhara kwako.

Kidonge chenye mkia ni cha inzi aina ya *Eristalis*, ambaye akiwa mkubwa hufanana na nyuki. Kiluwiluwi wake huishi katika maji machafu yenye samadi au majani yaliyooza, akipumua kwa mrija mrefu wa nyuma unaorefuka na kufupika, kisha hutoka majini na kugeuka pupa katika udongo mkavu zaidi. Mkia uliouona ni mrija huo, umekauka lakini haukudondoka. Mbele ya kidonge tafuta vipembe viwili vidogo, kwani amebadili mahali pa kupumulia kama alivyofanya mbu.

Kwa kuwa utaendelea kusafisha mifereji, utapata maganda matupu mengi kuliko yaliyo hai, na hayo husomwa kwa namna yalivyofunguka. Inzi wanaogeuka ndani ya kidonge cha mviringo, kama huyo *Eristalis* na inzi wa nyumbani, hutoka kwa kusukuma kifuniko cha mbele kikabanduka kwa mduara, na kwa jamii ya inzi wa nyumbani kazi hiyo hufanywa na kijifuko kinachofura usoni kwa msukumo wa damu na kurudi ndani baadaye. Chafuo na inzi askari, ijapokuwa wa pili naye amejificha ndani ya ngozi ngumu, hutoka kwa ufa ulionyooka mgongoni wenye tawi kila upande, mfano wa herufi T. Ganda lenye ufa wa T na nyota mkiani, lililosimama wima kwenye tope la ukingo, maana yake chafuo ameshatoka, na ng'ombe wako watakuwa wamekwisha kuonana naye.